Honda CG 125 za zamani: oili 40 au 20W-50, ipi inaua injini?

Mleta mada
Wakuu, heshima kwenu. Nalileta hili jamvini kwa sababu kila gereji ina jibu lake na kila fundi anaapa kwa jibu hilo. Nazungumzia pikipiki za CG 125 za Kijapani, zile zilizoanza kutoka 1976, si za Kichina zilizoiga. Mafundi wazee wanasema tia 40 ya dizeli (namba ni uzito wa oili), maneno yameisha. Vijana wanasema 40 ni sumu, tia 20W-50 yenye alama ya JASO MA, ile ya oili za pikipiki.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mnishambulie vizuri: oili inasingiziwa. Hizi piki zinauawa na uchafu na upungufu wa oili.

Injini hii hubeba takriban lita moja tu, na hiyo hiyo inahudumia krenki, valvu, gia na klachi. Chujio la karatasi hakuna. Kuna wavu kule chini, na kikombe kinachozunguka pamoja na krenki nyuma ya kava la kulia. Kikizunguka, taka nzito zinarushwa pembeni na kuganda humo, na oili iliyobaki safi ndiyo inayoingia kwenye krenki. Kifungue kwenye piki ya miaka mingi: tope jeusi gumu, unalikwangua kwa kijiti, na ukilipaka kwenye kucha juani unaona chenga za chuma zinameta. Kikijaa, taka zinazofuata zinakwenda moja kwa moja kwenye beringi ya konrodi, ile fimbo inayounga pistoni na krenki. Sasa niambieni, nani amemwona fundi akikifungua siku ya kumwaga oili?

Mchangiaji wa Njombe
Mkuu, hapo kwenye uchafu sibishi. Ila njoo huku mwezi wa saba saa kumi na mbili asubuhi uipige kiki piki yenye 40. Kiki yenyewe nzito kama imeshikwa! Oili ikiganda inachelewa kupanda kwenye roka, vile vyuma vya juu vinavyosukuma valvu, na injini huumia zaidi pale inapowashwa ikiwa ya baridi. Usitupimie kwa joto la Dar.

Muuza spea
Njombe, hoja yako ni nzuri lakini dawa unayoitetea siyo. Hiyo 20W ya mbele inaeleza tabia ya oili kwenye baridi, na 20W ni nzito bado. Injini ikiwa vuguvugu, 20W-50 nyingi ni nzito kuliko hata 40 yenyewe. Kama shida ni asubuhi za huko, tafuta 10W-40 au 15W-40. Watu wanasoma 50 wanadhani ni "kali zaidi", kumbe ni uzito wake ikiwa ya moto.

Fundi
Mimi ni wa 40 na sijifichi. Oili ya dizeli haina vile viungo vya utelezi vinavyowekwa kwenye oili nyepesi za magari madogo ya petroli ili kubana mafuta. Tia hizo kwenye piki yenye klachi inayoogelea kwenye oili, utaona mlimani injini inalia na piki haiendi. Pia oili mpya za petroli zimepunguzwa zinki na fosforasi kwa sababu zinaharibu kisafisha moshi cha kwenye ekzosi. CG haina hicho kifaa, ila ina kamu, chuma kinachozunguka na kufungua valvu, inayosuguana na vyuma vya zamani, na inavihitaji viungo hivyo.

Muuza spea
Fundi, hiyo ndiyo kazi ya JASO MA: kuthibitisha kwamba klachi haitateleza. Hujaipinga 20W-50 hapo, umepinga oili ya Vitz.

Dereva wa boda
Mnabishana kuhusu namba wakati chupa zenyewe za barabarani hatuzijui. Kuna oili chakavu inachujwa na kufungashwa upya, lebo safi kabisa. Mimi nanunua 40 kwenye kituo cha mafuta, na namwaga kila wiki mbili. Nikitia ya bei ghali nitavuta mpaka mwezi ili hela irudi.

Mleta mada
Boda umeongea. Oili ya kawaida inayomwagwa mapema inaishinda ya ghali inayozeekea ndani. Njombe nakuachia 10W-40 yako, kwa baridi hiyo una haki. Fundi, kwenye zinki tuko pamoja, ila kikombe hujakijibu.

Fundi
Kukifungua ni kumwaga oili, kutoa kava na kubadili gasketi. Mteja ana elfu kumi mkononi. Nifanyeje?

Mleta mada
Mwambie hivyo hivyo, aamue mwenyewe. Na kijiti cha kupimia usikikaze unapopima. Kwenye hizi Honda piki inasimama wima, kijiti kinaingizwa tu bila kuzungushwa. Ukikikaza kinazama zaidi, unasoma oili imejaa kumbe imepungua.

Dereva wa boda
Ngoja nikapime upya.