Laptopu mpya: kwa nini kila mtu anakimbilia Office ya kukrakiwa?

Wadau naomba hili tulijadili kwa uwazi. Kila mtu akiuliza nimenunua laptopu mpya niweke programu gani ya kuandikia, majibu ni yale yale, mpelekee fundi akuwekee Microsoft Office, elfu chache tu unaendelea na maisha. Hakuna anayemwambia kwamba hiyo Office imekrakiwa, yaani imevunjwa kufuli la leseni ili itumike bila kulipiwa, na hakuna anayemwambia kwamba kabla ya kuiweka fundi anazima kwanza antivirusi ya Windows.

Hapo kwenye kuzima antivirusi ndo nataka tukae kidogo. Kuna wanaosema Windows inaipigia kelele kreki kwa sababu za biashara tu, haina kirusi chochote. Sawa, zipo ambazo hazina, lakini wewe utajuaje ya kwako ni ipi? Imetoka kwenye tovuti isiyojulikana ni ya nani, umemfukuza mlinzi getini ili ipite, umeipa ruhusa zote, halafu kwenye kompyuta hiyo hiyo ndo unaingia benki, ndo ipo barua pepe yako na tasnifu yako yote. Kingine mafundi wengi bado wanaweka Office 2016 au 2019, na hizo Microsoft walishaacha kuzitolea masasisho ya usalama tangu Oktoba 2025. Yaani mashine ni mpya ila mlango uko wazi tangu siku ya kwanza. Na kabla hujampa fundi angalia vizuri, kuna laptopu zinakuja na Office halali kutoka kiwandani, akiiformati bila kujua anaweza kukufutia mali yako halafu anakuwekea ya wizi na hela unamlipa.

Msimamo wangu ni LibreOffice kwanza, programu huria inayofanya kazi kama za Office. Ni bure kabisa, haitaki akaunti wala bando ukishaipakua, inafungua docx (aina ya faili za Word) na kusevu docx. Ilizaliwa 2010 pale waendelezaji wa OpenOffice, programu huria iliyotangulia, walipojitenga baada ya kampuni ya Oracle kuinunua Sun iliyokuwa inaimiliki. Msichanganye na OpenOffice yenyewe, hiyo bado ipo chini ya taasisi ya Apache ila docx inaifungua tu, kusevu kwa docx haiwezi, na wengi wanaosema za bure ni mbovu waliijaribu hiyo. Tena kwetu hili sio jambo geni, 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, menyu zake kwa Kiswahili. Inaniuma sana kwamba tulianza mapema vile halafu leo watu wanashangaa ukiwatajia.

Hoja kubwa ya wapinzani ni kwamba ukipeleka kazi steshenari inaparaganyika. Ni kweli inatokea, lakini mara nyingi tatizo ni fonti. Ukiandika kwa fonti ambayo kompyuta nyingine haina, mistari inasogea na kurasa zinaongezeka. LibreOffice inakuja na Carlito ambayo upana wa herufi zake ni sawa na Calibri, na Liberation Serif inayolingana na Times New Roman, kwa hiyo kazi ya kawaida inakaa vizuri tu. Na kwanza kwa nini upeleke docx kuprinti? Peleka PDF, LibreOffice inakutolea kwa kubonyeza mara moja na haisogei popote. Kwa marejeo, Zotero (programu ya kupanga marejeo) inafanya nayo kazi bila shida.

Nakubali kuna watu haiwafai, kama ofisi yako inatumia makro za Excel (amri zinazofanya kazi zenyewe ndani ya faili) au msimamizi wako anakurudishia kazi yenye michoro na visanduku vilivyotengenezwa ndani ya Word, utateseka. Huyo kama ana intaneti ya uhakika atumie Word ya kwenye mtandao, ni bure ukiwa na akaunti, au alipie leseni. WPS, programu nyingine ya ofisi, inafanana sana na Word ila ya bure ina matangazo, mimi siipendi.

Ila lawama kubwa nazielekeza kwa vyuo na ofisi zinazoandika "tuma kwa Word tu". Mnamlazimisha mwanafunzi asiye na hela ya leseni aende kwa fundi. ODF, aina ya faili ya LibreOffice yenyewe, ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006, kwa nini msikipokee? Kuna mtu atasema jiji la Munich, Ujerumani, walijaribu kuhamia programu huria wakashindwa, na kweli 2017 baraza lao lilipiga kura kurudi Windows, siikwepi hiyo. Lakini huko huko Ujerumani serikali ya jimbo la Schleswig-Holstein ilitangaza 2024 kuhamishia LibreOffice kompyuta kama 30,000 za watumishi wake. Wao hela ya leseni wanayo, sisi tunangoja nini?

Wanaopinga karibuni, ila msiseme tu "inaharibu kazi". Elezeni ilikuwa faili ya aina gani, fonti gani, na nini hasa kilisogea, tulitafutie dawa hapa hapa.