Tunabadilisha bafu pekee la nyumba huku tunaishi humohumo, presha hii tunaipunguzaje?

Mama wa Tegeta:
Habari za jioni wakuu. Nyumba yetu ina bafu moja tu lenye choo ndani, mita 1.5 kwa 2.4. Jumatatu fundi anaanza kubomoa: marumaru, mabomba na choo, vyote vinabadilishwa. Tuko watu sita, mmoja ni mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua, na uwezo wa kuhama hatuna. Kazi haijaanza lakini usingizi umeshaniruka na ndani tumeanza kununiana. Fundi kasema ni wiki moja tu. Mnaozijua kazi hizi, tuishije humo bila kugombana, na nianze na lipi?

Bomba na Koki:
Pole dada. Hiyo wiki moja itoe kichwani leo, maana ndiyo itakayowagombanisha. Hesabu hivi: kubomoa siku 2, mabomba 2, kuyapima 1, lipu na sakafu 2, kumwagilia maji siku 7, kupaka kizuia maji 2, kujaza maji na kusubiri 1, marumaru 4, kuacha zishike 1, kujaza mistari kati ya marumaru na kufunga sinki na choo 2. Jumla siku 24. Ziandike kwenye kalenda ukutani, kila mtu wa nyumba azione.

Zile siku 7 za kumwagilia ndizo zinazopandisha watu hasira. Fundi haonekani, bafu ni gofu, mnaona kawakimbia. Kumbe lipu inahitaji maji asubuhi na jioni, la sivyo inakauka haraka na kupasuka. Kazi hiyo mpeni mtoto mkubwa na ndoo.

Siku moja msikubali iruke: kupima mabomba kabla ya lipu. Ncha zote zizibwe, maji yafunguliwe, yaachwe saa 24, kisha upitishe kitambaa kikavu kila kiungio. Kama ni bomba la PPR (plastiki inayounganishwa kwa kuyeyushwa) la milimita 20, kwenye mashine ya kuyeyushia ya nyuzi 260 linapashwa sekunde 5. Likizidishwa, plastiki inavimba ndani na kubana njia, na bafu jipya linatoa maji kama uzi. Ukutani hulioni hilo, kwa hiyo fungua kila tundu la maji kwenye ndoo uangalie nguvu yake.

Mama wa Tegeta:
Asante sana kaka. Na choo kwa siku zote hizo? Mama hawezi kuchuchumaa.

Bomba na Koki:
Msilivunje bakuli la zamani. Kama ni la kutoa chini, lipachikwe nje juu ya bomba linaloingia chemba ya kwanza, likae kwenye sakafu ndogo ya mbao imara, na nyufa za pembeni zizibwe harufu isitoke. Zungusha mabati au turubai, weka taa, na ubao wa kushikilia upande wa mkono wake wenye nguvu. Mnamwagia kwa ndoo, lita 6 hadi 9 zinatosha. Kifanyike Jumapili, kabla nyundo haijagusa kitu. Kwa mzee, hiki ndicho kitu cha kwanza cha kumaliza.

Mpima Kuta:
Naongezea upande wa vifaa, maana presha nyingi inaletwa na simu ya fundi saa nne asubuhi: "Bosi, marumaru zimepungua." Kuta zikivishwa hadi mita 2.1, mzunguko wa 7.8 unatoa mita za mraba 16.4, toa mlango, zinabaki kama 14.8. Sakafu 3.6. Jumla 18.4, ongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika, inafika 20.2. Maboksi ya mita za mraba 1.44 yanatakiwa 15. Nunua yote siku moja, na namba ya toleo kwenye kila boksi ifanane. Ukirudi dukani baadaye rangi inatofautiana kidogo, na jicho litakuwa linaiona kila asubuhi.

Mkatae fundi anayeweka mafungu matano ya udongo wa saruji nyuma ya marumaru. Pembe zinabaki wazi, na kitu kizito kikianguka hapo inapasuka. Gundi itandazwe kwa mwiko wenye meno. Kesho yake gonga kila moja kwa sarafu. Inayolia kama mtungi mtupu ing'olewe kabla mistari haijajazwa. Sakafu ishuke sentimita 1.5 kwa kila mita kuelekea tundu la maji.

Daftari la Ujenzi:
Dada, kununiana kwenu naona kunatokana na wasemaji wengi. Mfano, kazi ikianza wewe unataka rafu, mume anasema hapana, fundi anamtii aliyesema mwisho, anabomoa tena. Mchagueni mmoja wa kuongea naye. Wengine maoni yao wayaseme jioni, dakika kumi, kabla ya chakula. Badiliko lolote liandikwe na bei yake, litiwe sahihi, ndipo lifanyike.

Malipo yafuate kazi: sehemu baada ya mabomba kupimwa, sehemu baada ya maji kukaa sakafuni saa 24 bila kushuka, sehemu baada ya marumaru. Asilimia 10 ibaki hadi mmetumia bafu wiki mbili.

Vumbi nalo linachosha kuliko kelele. Chagueni chumba kimoja kisichoingia kifaa chochote, mlangoni ning'iniza shuka lililoloweshwa, na ukataji wote ufanyike nje kwa msumeno unaotiririshiwa maji. Godoro la mama lianze kuhamia humo.