Benki za eneo na viwanda vya mjini, kipi kinamvuta mwenzake?

Mdadisi wa Uchumi:
Wakuu habari zenu. Kuna kitu naomba tusaidiane. Unakuta miji miwili ina watu karibu sawa, barabara zipo, umeme upo, halafu mmoja umejaa karakana na viwanda vidogo, mwingine kazi yake ni kuuza vitu vilivyotengenezwa kwingine. Watu wanasema shida ni mtaji lakini benki zipo kila kona na kila siku watu wanapeleka hela huko. Sasa hiyo hela inaenda wapi? Na je, benki ya eneo, yaani ya mji wenyewe, ndo inazaa viwanda, au viwanda vikishakuwepo ndo benki inapata cha kufanya?

Afisa Mikopo:
Mkuu swali la msingi sana hili. Nimefanya kazi ya mikopo muda mrefu na nakwambia tawi la benki kubwa kwenye mji mdogo kazi yake kubwa ni kukusanya amana, mkopo wa maana unaamuliwa makao makuu na kule wanaangalia dhamana na makaratasi basi. Mwenye karakana ya vipuri hana hati ya jengo, alichonacho ni mashine ya zamani, oda za wateja na jina lake, na jina huwezi kulijaza kwenye fomu. Meneja anayeishi mji huo huo anajua huyu huwa anachelewa kulipa ila analipa, anajua na mteja wake mkubwa yukoje. Asipokuwepo mtu wa kujua hayo basi akiba ya mji inahama, inaenda kununua hati fungani au kujenga maghorofa ya jiji kubwa.

Waangalie Wajerumani. Benki ya akiba ya kwanza kule ilifunguliwa Hamburg 1778, ya manispaa ikafuata Göttingen 1801, na mpaka leo hizi Sparkasse ziko zaidi ya 300, nyingi ziko chini ya miji na wilaya na kila moja ina eneo lake la kufanyia biashara. Haiwezi kukimbilia wateja wa jiji lingine, kwa hiyo meneja analazimika kumtafuta hapo hapo nani anatengeneza kitu kinachouzika. Viwanda vingi vya familia kule vimekua na mikopo ya namna hiyo, tena ya miaka mingi, maana mashine hailipi ndani ya miezi sita.

Binti Karakana:
Kaka Afisa nakuelewa ila mimi naona umeanzia katikati. Benki itamkopesha nani kama mji hauna watengenezaji? Na siyo kiwanda kimoja kikubwa kinacholeta kila kitu kutoka nje, hicho benki inakipitishia mishahara tu, na kikifunga mji wote unakwama. Ninachosema ni viwanda vinavyouziana. Bologna kule Italia kuna mafundi wa mashine za kufungashia, mtu anajifunza kwenye kampuni moja anatoka anafungua yake na anaendelea kuagiza vipande kwa jirani. Sassuolo wanatengeneza vigae na wanaotengeneza mashine za vigae wako hapo hapo karibu. Oda moja ikiingia inalisha karakana nyingi kabla hela haijatoka mjini.

Halafu kuna Mondragón, Hispania. Kiwanda cha kwanza cha ushirika kilianza 1956, benki yao Caja Laboral ikaja 1959, padri José María Arizmendiarrieta ndo aliyeisukuma. Kiwanda kilitangulia! Ila benki ilipokuja haikukaa kusubiri wateja, ilikuwa na kitengo kizima cha kuwasaidia watu kupanga na kuanzisha viwanda vipya. Hapo ndo vitu viwili vilishikana.

Mkaguzi Mstaafu:
Wanangu mmeongea vizuri, ila ukaribu una sumu yake na lazima isemwe. Benki mbili za mkoa wa Veneto huko Italia, Banca Popolare di Vicenza na Veneto Banca, zilikuwa karibu sana na wenye viwanda wa kwao, mpaka zikawa zinawakopesha wateja hela za kununulia hisa za benki zile zile. Mwaka 2017 zikafilisiwa, sehemu nzuri ikachukuliwa na benki kubwa kwa euro 1, na akiba ambazo familia zilizigeuza hisa zikayeyuka. Meneja anayemjua kila mtu anaweza pia kushindwa kumwambia mtu hapana. Kwa hiyo benki ya eneo iwepo, ila mkaguzi wake atoke mbali.

Mdadisi wa Uchumi:
Asanteni sana. Mzee wangu hilo la hisa limenishtua kweli. Sasa mji ambao hauna benki yake uanzie wapi?

Afisa Mikopo:
Anza kwa kuuliza kati ya amana zinazokusanywa hapo ni kiasi gani kinarudi kama mikopo hapo hapo. Marekani kuna sheria ya 1977 inayofanya benki zikaguliwe kama zinahudumia maeneo zinakochukua amana, kwa hiyo kuuliza siyo utovu wa adabu. La pili, wenye karakana wadhaminiane. Italia wana vyama vinaitwa confidi, wafanyabiashara wadogo wanachanga mfuko unaodhamini mkopo wa mwenzao, na kabla ya kudhamini wanakaa wanamchambua maana hela yao imo. Kile ambacho benki ya mbali haiwezi kukiona wanakiona wao, kisha wanaipelekea benki dhamana inayoitambua.

Binti Karakana:
Naongezea, anzeni na wale ambao tayari wanauziana. Hao wanajua nani kazi yake imenyooka.