Makufuli ya baiskeli ya kufungua kwa simu au kidole: yanafaa kweli?

Mwendapole:

Wakuu, habari za muda huu. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Baiskeli ndiyo usafiri wangu wa kila siku. Nikifika kazini naifunga kwenye reli ya chuma nje ya jengo, inashinda hapo mpaka jioni, jua lake na mvua yake. Kufuli langu ni la umbo la U, la ufunguo. Siku hizi ufunguo unaingia nusu, mpaka niuchezeshe weee ndipo uzunguke, na jioni nikiwa na haraka linanikera sana. Halafu baiskeli tunaitumia wawili, mimi na mke wangu, na ufunguo uliobaki ni mmoja. Akiwa na safari yake lazima kwanza tutafutane.

Sasa nimeona haya ya kisasa. Moja linafunguka lenyewe ukiikaribia baiskeli simu ikiwa mfukoni, lina king'ora, na unaweza kumpa mwenzako ruhusa ya kufungua kupitia simu yake. Jingine ni la alama ya kidole. Bei yake ni mara kadhaa ya hili langu. Kuna aliyeyatumia? Usalama wake ukoje? Na betri ikiisha baiskeli ikiwa imefungwa, unafanyaje?

Kasi_ya_Upepo:

Mimi natumia la alama ya kidole, lile dogo la kupitisha kwenye cheni, na nalipenda. Linafunguka hata begi sijaliweka sawa mgongoni. Ila ulijue tabia: kidole kikiwa na jasho, maji au grisi ya cheni halikutambui, unafuta unajaribu tena. Sajili vidole vya mikono yote miwili, maana ukijikata kimoja ukakifunga plasta umekwama. Baiskeli yangu inalala ndani na mchana iko machoni pa mlinzi, kwa hiyo nguvu yake mbele ya mwizi aliyejipanga siwezi kuisemea.

Fundi_Spoku:

Mwendapole, mimi ni fundi baiskeli, na sehemu ya kazi yangu ni kuitwa na wenye baiskeli kukata makufuli waliyoshindwa kuyafungua. Ya ufunguo, ya namba na haya ya simu, yote nimeyapasua na kuyaona tumbo lake.

Ukilipasua la simu unakuta kimota kidogo kuliko kidole gumba, gia mbili tatu, betri, na kipande cha saketi kilichozungushiwa mpira wa kuzuia maji. Kimota kile kazi yake ni moja, kurudisha komeo nyuma milimita chache. Mwizi hana habari nacho. Mwizi anatazama chuma, na anatazama jinsi ulivyofunga. Umeme umeuondoa ufunguo tu, unene wa chuma haukuuongeza hata kidogo. Pesa ya ziada unayolipa imekwenda kwenye saketi na programu, na mara nyingi chuma kilichobaki ni cha kufuli la bei ya chini.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza linafunguka kwa kitu gani, uliza kama chuma kimekomazwa kiwe kigumu, na kina unene gani. Chini ya milimita 10, mkasi wa kukatia vyuma unapita. Kikifika 16, mikasi mingi ya kubebeka haifui dafu, na mwizi itabidi aje na grinda, ile mashine ya umeme ya kukatia chuma. Uingereza kuna shirika linaitwa Sold Secure, linayashambulia makufuli kwa zana na muda uliopangwa, kisha linayapa daraja: Shaba, Fedha, Dhahabu, na kwa baiskeli kuna Almasi juu yake. Tafuta hiyo alama kwenye boksi. Ukiikosa kwenye kufuli la bei kubwa, rudisha boksi rafuni. Na uone jambo hili: makufuli yaliyotengenezwa makusudi kuipa shida grinda, kama Hiplok D1000 na Litelok X1, yanafunguliwa kwa ufunguo wa kawaida. Waliotaka nguvu kweli hawakukimbilia simu.

Betri uliyoiulizia, watengenezaji wengi wameifikiria. Simu inakuonya mapema, na baadhi yana tundu la kuchomeka chaji ya nje au vituo viwili vya kugusisha betri ya volti 9. Shida ninayokutana nayo mimi ni nyingine. Baiskeli ikiegemea kufuli, au mtu akiisukuma pembeni apate nafasi ya yake, uzito unalivuta lile pingu la chuma na komeo linabanwa. Ufunguo ungeuzungusha kwa nguvu ya mkono, lakini kimota hakina nguvu hiyo. Kinavuma, kinaacha, simu inaandika imeshindikana. Mwenyewe anadhani limekufa. Mara nyingi inatosha kuinyanyua baiskeli kidogo, kulisukuma pingu ndani kwa kiganja na kubonyeza tena. Likiendelea kugoma ndipo naangalia tundu la chaji, na hapo nakuta pini zimeota ukijani wa kutu ya shaba, kifuniko cha mpira kimeng'oka zamani. Baiskeli inayoshinda kwenye mvua kama yako itafika huko.

Jambo la pili ni kampuni yenyewe. Julai 2023 VanMoof ya Uholanzi ilifilisika. Walikuwa wakiuza baiskeli za umeme za kufungua kwa simu, na ufunguo wa kidijitali ulikuwa unatoka kwenye seva zao, yaani kompyuta za kampuni. Wamiliki walishikwa na hofu: seva zikizimwa itakuwaje? Cowboy wa Ubelgiji, ambao ni washindani wao, wakatoa haraka programu ya kuwasaidia kuuhifadhi ufunguo huo kwenye simu. Mwaka huohuo VanMoof ikapata mnunuzi, lakini hofu ile ilikuwa ya haki. Kufuli la chuma halijali aliyelitengeneza kama bado yuko sokoni.

Sisemi teknolojia hii haina kazi. Mobike walipoanza Shanghai mwaka 2016 kukodisha baiskeli zisizo na kituo maalumu, kufuli la simu ndilo lililowezesha biashara yote, na zile za kwanza zilizalisha umeme wa kufuli kutoka kwenye gurudumu lenyewe likizunguka. Baiskeli inayopandwa na watu mamia wasiojuana, huwezi kuwagawia funguo. Vivyo hivyo kikundi cha wasambaza mizigo wanaobadilishana baiskeli zamu kwa zamu. Hapo ningelinunua bila kusita. Ninyi ni wawili, nyumba moja.

Na kufuli lako halijafa. Limejaa vumbi. Usilitie mafuta ya kula wala grisi, yatashika vumbi zaidi na wiki chache mbele utarudi palepale. Lipulizie kimiminika cha kusafishia kinachokauka, ligonge kwenye kiganja tundu likiwa chini uchafu utoke, kisha tia unga wa grafaiti (ule mweusi kama wa ndani ya penseli), kidogo tu, ingiza na kutoa ufunguo mara kadhaa. Wakati wa kufunga nje, tundu litazame chini ili mvua isiingie.

Msimbaji:

Fundi kaniachia upande wangu, maana kazi yangu ni programu. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa wadukuzi wa DEF CON huko Las Vegas, watafiti wawili walionyesha makufuli 16 ya Bluetooth waliyoyajaribu. Kumi na mawili yalifunguka. Baadhi yalikuwa yanatuma nywila hewani wazi kabisa, bila kusimbwa, anayesikiliza kwa kifaa cha kawaida anaisoma. Mwaka 2018 zamu ikawa ya Tapplock, kufuli la alama ya kidole. Ufunguo wake wa siri ulikokotolewa kutokana na anwani ya Bluetooth ambayo kufuli lenyewe linaitangaza kwa kila simu iliyo karibu, na watafiti wakalifungua ndani ya sekunde mbili. Kampuni ilitoa marekebisho baada ya hapo.

Lile la kufunguka lenyewe ukikaribia ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Mwaka 2022 NCC Group, kampuni ya usalama wa kompyuta, walionyesha kwamba mawasiliano ya Bluetooth yanaweza kupokewa ulipo wewe na kurushwa hadi kwenye kufuli, likaamini umesimama mbele yake. Walifanya hivyo kwa gari la Tesla Model 3 na kwa makufuli ya milango ya Kwikset. Ukiamua kununua, hiyo huduma izime, ubaki na ya kubonyeza.

Ila tuwe wa haki. Ufunguo nao umewahi kuaibika: mwaka 2004 ilijulikana kwamba makufuli ya Kryptonite yenye tundu la mviringo yanafunguka kwa bomba la kalamu ya Bic, na kampuni ikawabadilishia wateja bure. Tofauti ni kwamba kosa la silinda, pale ufunguo unapoingia, unaliona kwa macho. Kosa la programu unaambiwa, kama kuna mtu bado analifuatilia.

Mwendapole:

Asanteni sana, mmenisaidia kuliko nilivyotarajia. Fundi, mawili ya mwisho. King'ora kina maana? Na yale ya simu yanayofungwa kwenye fremu nyuma, pete inapita katikati ya spoku, hayatoshi?

Fundi_Spoku:

King'ora kinafaa kama wewe au mlinzi mko mahali pa kukisikia. Reli ya nje ya jengo, watu wanapita, kikilia kila mmoja anadhani mwenye baiskeli anahangaika nacho. Kingine, kikiwa chepesi kitalia kila jirani akigusa baiskeli yako, na utaishia kukizima.

Ile pete ya nyuma inazuia gurudumu lisizunguke, basi. Baiskeli haijaunganishwa na kitu chochote. Watu wawili wanaibeba begani wanaondoka nayo, watalikata huko mbele kwa nafasi yao. Kwa kusimama dukani dakika chache sawa. Kushinda nje siku nzima, hapana, labda iwe nyongeza ya hilo la U. Na hilo la U lipite kwenye fremu, gurudumu la nyuma na reli kwa pamoja, ibaki nafasi ndogo iwezekanavyo ndani yake ya kupenyeza jeki au nondo.

Kuhusu ufunguo wa shemeji, tafuta kibati kilichokuja na kufuli siku ulipolinunua, huwa kimechapwa namba ya ufunguo. Watengenezaji wengi wanachonga mpya kwa namba hiyo. Usinakili huo ulio nao mfukoni, kama umelika utapata wa pili uliolika vilevile, na hata grafaiti haitausaidia.