Tupeane uzoefu: La Bouche, wawili walioimba kwa sauti zao wenyewe

Wapenzi wa muziki wa disko wa miaka ya 90, naomba tupeane uzoefu kuhusu kundi la La Bouche, yaani Melanie Thornton na Lane McCray, na kila mmoja aeleze alichokisikia katika sauti zao. Nauliza kuhusu sauti kwa sababu mtayarishaji wao, Mjerumani Frank Farian, ndiye aliyeunda kundi la Boney M., ambako yeye mwenyewe aliimba studioni ile sauti nzito ya kiume huku Bobby Farrell akicheza jukwaani, na ndiye aliyekiri mwaka 1990 kwamba vijana wawili wa kundi lake la Milli Vanilli hawakuimba katika albamu yao. Ndiyo maana waliotokea mikononi mwake baadaye walitiliwa shaka. Mimi shaka yote ilinitoka niliposikia nyimbo ambazo Melanie alizitoa peke yake baada ya kuondoka kundini mwaka 2000: sauti ilikuwa ileile, yenye kifua na mguso wa kanisani.

Kutoka Mombasa: Mimi niliwajua kwenye matatu, enzi ambazo gari lisilo na spika kubwa lilikosa abiria vijana. "Be My Lover" ilipoanza, kabla ya neno lolote la maana kulikuwa na ile "la da da di" ya Melanie, na hata asiyejua Kiingereza aliiitikia. Kisha Lane aliingia na mistari yake ya rap, taratibu, bila kufoka. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Ujerumani mwaka 1995, na mwaka uliofuata ukafika nafasi ya 6 Marekani, nchi yao wenyewe. Maana wote wawili walikuwa Wamarekani, Melanie wa South Carolina na Lane aliyekuwa amelitumikia Jeshi la Anga, ingawa jina walilipatia Ujerumani.

Kutoka Ujerumani: Huku ninakoishi, Melanie husikika kila Desemba madukani, kwa wimbo aliouimba kwa ajili ya tangazo la Krismasi la Coca-Cola mwaka 2001. Ninapousikia hushindwa kuendelea na manunuzi kwa muda, kwa kuwa alikuwa safarini kuutangaza wimbo huo tarehe 24 Novemba 2001, pale ndege ya Crossair kutoka Berlin ilipoanguka karibu na Zürich, usiku, uonekano ukiwa hafifu na rubani akiwa ameshuka chini ya kimo kilichoruhusiwa. Walikufa watu 24 kati ya 33, Melanie akiwa mmoja wao, na umri wake ulikuwa miaka 34. Katika ndege hiyo walikufa pia wasichana wawili wa kundi la Passion Fruit, jambo ambalo wengi hulisahau.

Nawashukuru nyote wawili mlioandika, wa Mombasa na wa Ujerumani. Niongeze tu kwamba Lane hakuacha kazi: ameendelea kulipeleka jina la La Bouche majukwaani pamoja na waimbaji wengine wa kike, na kwangu huo ni uaminifu mkubwa. Aliyewahi kumwona jukwaani katika miaka hii ya karibuni atueleze, hasa jinsi anavyoziimba zile sehemu walizokuwa wakipokezana.