Kina mama wenye ajira: ulistaafu lini, na ni nani aliyekuamulia? Tupeane uzoefu

Shikamooni wakubwa, wengine habari za saa hizi. Mwezi ujao natimiza 55, umri wa kustaafu kwa hiari. Mume wangu alipofika hapo aliulizwa tu kama amechoka. Mimi kila nikilitaja, naulizwa kitindamimba yuko kidato cha ngapi. Walio PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), NSSF (wa sekta binafsi) na wasio na mfuko wowote, ninyi mliondokaje?

Muuguzi, Tanga: Wa mwisho nilimzaa nikiwa na 41. Nikapiga hesabu: nikitoka 55, mtoto ana miaka 14, ada atalipa nani? Nikakaa hadi 60 ya lazima. Zamu za usiku na magoti haya, we acha tu. Hiyo hiari mimi niliiona kwenye fomu.

Mwalimu mstaafu, Dodoma: Mwenzenu nilitaka kufika 60. Binti yangu akajifungua, siku 84 za likizo zikayeyuka. Dada wa kazi wa kwanza alikaa wiki mbili, wa pili hata hakuaga. Kazini wakaanza kumnunia kila akichelewa. Nikaandika barua nikiwa na 55 na miezi minne, mjukuu yuko mgongoni. Wajuzi wa kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu ya pensheni, mnaelewa: miezi uliyochangia ndiyo inayogawanywa kwa 580, na mimi nimeacha miezi 56 mezani. Mshahara wa binti unaingia kila mwezi, pengo liko kwenye pensheni yangu. Sijuti. Ila sijawahi kumwambia.

Mama lishe, Buguruni: Mna bahati mnajua tarehe. Mimba zangu zote nne nimepika mpaka uchungu unanikuta jikoni. Nitastaafu siku nitakaposhindwa kuinua sufuria la wali.

Mleta mada: Mama wa Buguruni, umenichekesha na kuniliza. Mwalimu, mwambie binti, jamani.

Mhasibu, Mwanza: Nilianza kazi 1997, sekta binafsi. Mwaka 2005 watoto walikuwa watatu, mkubwa miaka sita, na mwajiri hakutaka kusikia habari ya ruhusa za kliniki. Nikaacha. Enzi hizo fao la kujitoa lilikuwepo, nikachukua michango yangu yote, miezi 96, tukaezekea nyumba. Nyumba ipo, sikatai.

Nimerudi kazini 2013 nikaanza na sifuri. Pensheni ya kila mwezi inataka miezi 180, chini ya hapo unapewa mkupuo, basi. Wanaume niliofanya nao kazi ule mwaka 1997 wameshaondoka. Mimi 55 imenipita nikiwa kwenye dawati. Juzi nimeangalia taarifa ya michango kwenye simu: 153. Bado 27, yaani mimba tatu kamili. Nilishazibeba tatu, na hizi nitazibeba.