Eti "maswali ya waya ni ya watu wasio na hela"! Huyu dalali wa redio sasa amevuka mpaka

FundiMlingoti

Wakuu, leo sina salamu.

Ni yule yule, mnamjua, simtaji. Yule wa "kituo cha FM kinauzwa, kipo hewani, leseni safi, mwenyewe anasafiri". Kila kituo anachouza, mwenyewe anasafiri. Kwa hesabu yake nusu ya wenye redio duniani saa hizi wako foleni ya uwanja wa ndege.

Asubuhi kabandika tangazo jipya: kilowati moja, antena nne, mnara wa mita 60, "inasikika kilomita 150". Uongo wa kilomita tumeuzoea. Chukua mzizi wa 60, zidisha kwa 4.12, upeo wa mnara huo kwenye tambarare ni kilomita 32 hivi. Weka kipokezi juu ya paa utavuka kidogo. Anayeisikia kilomita 150 yuko ndani ya ndege, labda ndio hao wenye redio wanaosafiri.

Sasa njoo kwenye picha. Kioo cha transmita kinaonyesha wati 1,000 zinazokwenda, na zinazorudi (zilizokataliwa na antena) SIFURI. Kuza picha. Waya unaotoka nyuma unaingia kwenye kisanduku cha mapezi ya alumini, mzigo bandia wa ohm 50 huo, kifaa cha majaribio kinachomeza nguvu yote na kuigeuza joto! Na waya wa antena umelala sakafuni kama nyoka aliyepigwa rungu, kichwa kimevishwa mfuko wa plastiki. Hewani gani? Kilowati nzima inapasha chumba joto.

Mtu kamuuliza kwa adabu zote: "Mkuu, tunaomba picha mtambo ukiwa kwenye antena." Jibu lake, neno kwa neno: "Maswali ya waya ni ya watu wasio na hela."

MASWALI YA WAYA. Waya uko chini! Umevaa mfuko!

Koaksia_Mbichi

Hiyo sifuri peke yake inatosha kumfunga. Antena halisi lazima irudishe kitu. Kwenye wati 1,000 ukiona 5 au 10 zinarudi, shukuru. Zikifika 40, SWR (kipimo cha jinsi antena na mtambo vinavyoelewana, 1 ndiyo safi kabisa) ni 1.5, bado unaishi. Zikikaribia 110, SWR ni 2, na mtambo wenye akili umeshaanza kujipunguza wenyewe kulinda mosfeti, transista zake za kukuza nguvu. Sifuri tupu utaiona kwenye mzigo bandia, au kwenye mita iliyokufa.

Na huo mfuko wa plastiki una maana yake. Koaksia, yaani huo waya mnene wa antena, ikiachwa wazi hunywa unyevu, maji yakishaingia kwenye povu la ndani hayatoki kwa kuanikwa juani. Unakata mita kadhaa, ukikuta shaba imegeuka kijani unaendelea kukata.

KimyaKimya88

Mleta mada, hujaumizwa na waya. Umeumizwa na neno "hela". Kunywa maji ulale.

FundiMlingoti

Sijaumia! Nasema UMEVAA MFUKO. Mtu anauza gari lisilo na magurudumu, ukiuliza magurudumu anakwambia wewe maskini?

MzeeWaPaleti

Wanangu, tupige hesabu, hasira haipandi mnara. Mita 60 za mnara na 15 za kufika chumbani ni mita 75. Koaksia ya nusu inchi kwenye masafa ya FM hupoteza karibu desibeli 2.2 kwa kila mita 100 (desibeli ni kipimo cha nguvu kupungua au kuongezeka). Hapo umepoteza 1.65, na juu zinafika wati 680 na kitu. Ukiweka ya inchi 7/8, upotevu ni kama desibeli 1.2 kwa mita 100, juu zinafika 810 hivi. Tofauti hiyo haionekani kwenye kioo cha transmita, kioo kinapima huku chini, kabla ya waya.

Kisha uliza antena nne za aina gani. Dipoli nne (antena za fimbo mbili) za wima zilizopangwa vizuri hukupa desibeli 6 hivi, yaani mara nne. Antena nne za mawimbi ya mviringo hugawa nguvu kwenye wima na ulalo, kila upande unapata kama desibeli 3, yaani mara mbili. Mtambo ule ule, waya ule ule wa nusu inchi: mmoja anarusha wati 2,700, mwingine 1,360. Asiyeuliza waya hajui ananunua ipi.

Na zisiwe nne kwa macho tu. Kebo ndogo mbili zikikatika kwenye kigawanyio, zilizobaki hubeba mzigo wote na umbo la mawimbi linapinda. Mji wa upande mmoja unawasikia, wa upande wa pili wanasikia mikwaruzo.

LeseniKwanza

Nyie na nyaya zenu. Hata angepanda mnarani na bendera, mimi ningeuliza kitu kimoja: anauza NINI? Nchi nyingi haziruhusu kuuza leseni ya masafa kama unavyouza pikipiki. Leseni ni ya kampuni, na mnunuzi huchukua hisa. Hata hizo, mamlaka ya mawasiliano lazima iridhie kwa maandishi mabadiliko ya umiliki. Ukilipa yote kabla ya barua hiyo umenunua miksa na viti vinne. Weka pesa kwa wakili, zitoke barua ikitoka.

Soma leseni yenyewe, si picha ya ukurasa wa kwanza. Imebaki miaka mingapi? Imetaja mnara upi, antena urefu gani, nguvu kiasi gani? Kuhamia mlima wa jirani ni ombi jipya, na mwenye masafa ya karibu ana haki ya kupinga. Kuna vituo vimepewa wati 250 vinapiga 1,000. Siku ya ukaguzi unarudi kwenye 250 na matangazo uliyouziwa kwa hesabu ya 1,000.

Daftari_Jekundu

Asante dada, na hisa huja na madeni yake. Mishahara ya miezi saba, kodi, umeme, mirabaha ya muziki, pango la mnara. Ndiyo, pango. Mnara wenyewe mara nyingi si wa redio, na mkataba unaweza kusema ukibadilika mmiliki wanaanza upya kwa bei mpya.

Kinachoniudhi mimi hata si dalali, ni wanaopika vitabu. "Mapato" wameweka magodoro! Kampuni imelipia matangazo kwa magodoro 40, yameandikwa kama fedha taslimu. Omba taarifa za benki za miezi 24, linganisha na orodha ya matangazo yaliyorushwa kutoka kwenye kompyuta ya studio. Tangazo limerushwa mara 300 na benki hakuna kitu? Hilo ni godoro.

KimyaKimya88

Nimecheka kama chizi. "Kituo kinauzwa, mwenyewe anasafiri, magodoro yapo."

Alfajiri_FM

Umesahau ukurasa wa mtandaoni. Wafuasi laki mbili, na barua pepe iliyousajili ni ya mtangazaji wa kipindi cha asubuhi. Anaondoka na ukurasa, na namba ya simu ya wasikilizaji, na wadhamini. Unabaki na masafa na kiyoyozi kibovu. Hayo yaingie kwenye mkataba wa mauzo, jina la ukurasa, namba za simu, anwani ya tovuti, maktaba ya vipindi.

FundiMlingoti

Jamani, turudi kwenye mada. Picha. Waya. Mfuko.

Sauti_Kubwa

Mada ni sauti. Hakuna anayepima sauti kabla ya kununua. Vituo vidogo vingi vinakwaruza kwa sababu mtu kafungua kila kitu hadi mwisho akidhani atafika mbali. Mwisho wa mpindo, yaani sauti inavyoyumbisha masafa huku na huku, ni kilohezi 75, ukizidisha hufiki mbali, unamwagikia jirani tu. Angalia pia mpangilio wa kukazia sauti nyembamba: Ulaya na Afrika ni mikrosekunde 50, Marekani ni 75. Transmita iliyoachwa kwenye 75 mahali pa 50 kila "s" inatoka kama nyoka.

Koaksia_Mbichi

Nyoka wa mleta mada huyo 😂

MzeeWaPaleti

Hapo juu ya masafa ya FM, kuanzia megahezi 108, wako marubani. Paleti (bodi ya kukuza nguvu) ya bei ya kutupa isiyo na kichujio kizuri inaweza kutema takataka hadi huko, na hao hawatumi barua ya upole. Kabla ya kununua, aletwe mtu na kichambuzi cha masafa, mtambo ukae kwenye antena saa nzima kwa nguvu kamili. Dakika tano hazionyeshi kitu, joto bado halijapanda.

Kijana_wa_Zamu

Wazee samahani, niingilie. Mtambo wa wati 500, panya wamekula waya wa feni ya nyuma. Nikishusha hadi 150 naweza kuendelea kurusha hadi kesho?

MzeeWaPaleti

Kama ya mbele inazunguka na kipimajoto kiko chini ya nyuzi 60, shusha hadi 100, acha mlango wa kabati wazi, kaa hapo hapo. Kikipanda, zima. Feni ni volti ngapi?

Kijana_wa_Zamu

Kibandiko kimeliwa pia.

MzeeWaPaleti

Pima kwenye soketi yake. Ikisoma 24 usiweke ya 12. Na funga tundu la waya ukutani, panya hawajaisha.